Pedali za Kunasa kwa Baiskeli ya Milimani: Jinsi ya Kuchagua, Kufunga na Kuzizoea

Anayeanza kutumia pedali za kunasa huanguka akiwa amesimama. Amefika kwenye jiwe au kwenye kona kali ya kupanda, mwendo umekwisha, mguu hautoki, na baiskeli inalala polepole naye akiwa bado juu yake. Kwa hiyo ukienda kununua, usianze kwa kuuliza uzito wala rangi. Uliza kwanza mguu utatokaje. Kisha uliza utapata wapi kliti nyingine hizi zikiisha. Ukishajibiwa maswali hayo mawili, mfumo unaokufaa utakuwa umekwisha kujichagua.

Kwa asiyezijua: pedali ya kunasa ina kucha za chuma zinazobanwa na springi. Chini ya kiatu hufungwa kipande kidogo cha chuma kiitwacho kliti, kwa bolti mbili. Unakanyaga, kliti inaingia, springi inafunga. Ukitaka kutoka, unasukuma kisigino kwenda nje.

Wazo lenyewe lilitoka kwenye michezo ya thelujini. Kampuni ya Look ya Ufaransa, iliyokuwa ikitengeneza vishikio vya viatu vya skii, ilitoa pedali ya baiskeli za barabarani mwaka 1984. Mwaka uliofuata Bernard Hinault alishinda Tour de France akizitumia. Ila kliti ya barabarani ni pana na hutokeza chini ya soli, na huwezi kutembea nayo kwenye mawe. Mwaka 1990 Shimano wa Japani walitoa SPD, yenye kliti ndogo inayozama ndani ya soli, na waendesha baiskeli wa milimani wakapata kiatu cha kunasa ambacho unaweza pia kushuka nacho ukasukuma baiskeli kwa miguu. Mifumo mingine ya milimani imefuata njia hiyohiyo.

Je, unazihitaji kweli?

Wauzaji husema pedali za kunasa zinaongeza nguvu kwa sababu unaweza kuvuta mguu juu. Usitarajie miujiza. Mlima wa Lushoto utabaki mlima wa Lushoto. Faida yake ni kwamba mguu hauruki kwenye pedali unapopita mizizi na mawe kwa kasi, na kila mara unakaa mahali palepale. Faida hiyo utaiona zaidi kwenye safari ndefu, kwenye mashindano ya mbio za msituni, na kwenye miteremko yenye matuta madogo mengi.

Kama unapenda kuruka, au kushuka sehemu ngumu ukiweka mguu chini kila dakika, pedali bapa zenye vijiti vya kushika soli zinatosha, na usikubali mtu akuambie ni za wanafunzi. Sam Hill wa Australia alitwaa ubingwa wa jumla wa Enduro World Series mwaka 2017, 2018 na 2019 akitumia pedali bapa, mbele ya wapinzani ambao wengi wao walikuwa wamenaswa.

Maneno matatu ya kuyajua kabla ya kwenda dukani

*Pembe ya kuachia:* kisigino kigeuke nyuzi ngapi ndipo pedali iachie. Ndogo maana yake unatoka upesi. Kubwa maana yake hutoki kwa bahati mbaya.

*Nafasi ya kucheza:* nyuzi ambazo kisigino kinaweza kusogea huku na huku kabla springi haijaanza kupinga. Magoti yanaipenda nafasi hii.

*Ukali wa springi:* nguvu unayohitaji kuingia na kutoka. Baadhi ya pedali zina skrubu ya kuurekebisha, nyingine hazina kabisa.

Mifumo mitatu

1. SPD ya Shimano

Ndiyo iliyoenea kuliko zote, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki hilo ni jambo kubwa kuliko sifa nyingine yoyote iliyoandikwa kwenye boksi. Duka lenye aina moja tu ya kliti za milimani, mara nyingi litakuwa na hizi. Viwanda vingine pia hutengeneza pedali zinazofuata mtindo huu, ingawa ni salama zaidi kutumia kliti za kiwanda kilekile kilichotengeneza pedali yako, kwani tofauti ya nusu milimita inatosha kufanya mguu ulegee au ugome kutoka.

Kliti zake ni za chuma kigumu na hudumu. Springi ina skrubu, unailegeza au kuikaza kwa alenki ndogo, kwa kawaida ya milimita 3. Jambo ambalo wengi hawalioni: pedali yenye kunasa pande zote mbili ina skrubu mbili, moja kila upande. Kwa jozi nzima ni skrubu nne. Ukilegeza mbili tu, leo mguu utatoka vizuri na kesho utagoma, kutegemea umekanyaga upande upi. Zungusha zote kwa kiasi sawa ukihesabu mlio wa “tik”.

Halafu kuna suala la kliti yenyewe, na hapa ndipo pesa kidogo hununua usalama mwingi. Kliti inayokuja na pedali nyingi ni SH51, ambayo huachia kwa kugeuza kisigino pembeni tu. Kuna nyingine, SH56, inayoachia kwa pande zaidi, hata ukivuta mguu juu kwa mshazari kwa hofu. Anayeanza anunue SH56. Baadaye, atakapokuwa anasimama kwenye pedali na kuvuta kwa nguvu akipanda, ataona mguu unachomoka asipotaka. Hapo ndipo arudi kwenye SH51, ambayo huenda bado ipo kwenye boksi.

Udhaifu wa SPD ni matope. Kati ya kucha ya mbele na ya nyuma kuna nafasi finyu yenye bamba chini yake, na udongo mwekundu wa masika hujishindilia humo kama ugali uliogandia kwenye mwiko. Kliti haiingii mpaka uukwangue.

2. Crankbrothers (Eggbeater, Candy, Mallet)

Hawa ni wa California. Pedali yao ya Eggbeater ni fremu tupu ya waya mnene unaozunguka ekseli, yenye pande nne za kunasia. Tope halina pa kukaa, linapenya na kudondoka. Candy ni mfumo huohuo ukizungukwa na ubao mdogo wa kukanyagia, na Mallet ina ubao mkubwa kwa wanaoshuka kwa kasi. Ukitembea au kuendesha sana kwenye mvua, fikiria hizi.

Nafasi ya kucheza ni kubwa kiasi, nyuzi 6 kwa kliti ya kawaida, na magoti mengi huifurahia. Pembe ya kuachia ni nyuzi 15 au 20. Unachagua kwa kubadilishana kliti: ya kulia ifungwe kiatu cha kushoto na ya kushoto kiatu cha kulia. Kwenye karatasi ya maelekezo kuna mchoro unaoonyesha alama ipi iende mguu upi, basi usiitupe. Zipo pia kliti za kuachia mapema, za nyuzi 10.

Ujue mambo mawili. Springi haina skrubu, hivyo ukali uliotoka nao kiwandani ndio utakaobaki nao. Na kliti ni za shaba ya njano, laini kuliko chuma cha pedali, kwa makusudi, ili ilike kliti wala si pedali. Zinaisha mapema kuliko za SPD. Nunua jozi ya akiba siku ileile unayonunua pedali, hasa kama zinaagizwa kutoka nje.

3. Time ATAC

Za Ufaransa kwa asili. Mwaka 2021 kampuni ya SRAM ya Marekani iliinunua biashara ya pedali za Time. Zinapitisha matope vizuri, na nafasi ya kucheza ni nyuzi 5 kila upande. Pembe ya kuachia ni 13 au 17, kwa mbinu ileile ya kubadilishana kliti za kulia na kushoto. Kliti nazo ni za shaba. Wanaozitumia huwa hawataki kusikia habari ya nyingine. Tatizo ni upatikanaji: huku kwetu ni adimu, na pedali nzuri isiyo na kliti ni vyuma viwili vya kukanyagia tu.

KISANDUKU: Chagua kwa haraka

☐ Huna sababu maalumu, au hii ni jozi yako ya kwanza → SPD yenye kliti SH56.
☐ Baiskeli moja unaitumia kwenda kazini na kwenda msituni → SPD yenye upande mmoja bapa na mwingine wa kunasa.
☐ Unaendesha kwenye udongo mwekundu wakati wa mvua, Limuru, Usambara, miteremko ya Kilimanjaro → Crankbrothers, au Time ukiwa na njia ya uhakika ya kuagiza kliti.
☐ Magoti yanakusumbua → mfumo wenye nafasi kubwa ya kucheza.
☐ Rafiki zako wote wana mfumo fulani → chukua huohuo. Siku bolti ikidondoka porini, mwenzako ndiye duka.

Viatu

Mifumo yote mitatu hutumia viatu vyenye matundu mawili ya bolti. Viatu vya barabarani vina matundu matatu, usivinunue hata vikiwa bei ya bure. Soli ngumu mno ni ya mashindano; anayeshuka na kutembea mara kwa mara anahitaji soli inayojikunja kidogo mbele na yenye meno ya mpira.

Wengi wetu tutanunua mtumba, na si vibaya, ila kagua chini kabla ya kulipa:

1. Toa sponji la ndani. Uone kibati chenye thredi ambamo bolti huingia. Kikikosekana au kikiwa kimeoza kwa kutu, acha.
2. Kama kuna kliti ya zamani, tazama vichwa vya bolti. Tundu la alenki likiwa limekuwa duara, utazitoa kwa kuzitoboa kwa dirili.
3. Kunja soli. Ikilia “krak” karibu na matundu, imepasuka ndani.

Kliti iliyokuja na mtumba haitafanya kazi ila kwenye mfumo wake. Kliti ya Time haiingii kwenye SPD hata ukiikanyaga siku nzima.

Kufunga pedali

Pedali ya kushoto ina thredi za kinyume. Imefanywa hivyo ili isijifungue yenyewe kwa mzunguko wa miguu. Fundi asiyejua hilo huikaza kwa nguvu akidhani anaifungua, au huingiza pedali ya kulia upande wa kushoto, na krenki ya alumini inaharibika thredi papo hapo. Simama karibu yake.

1. Tafuta herufi L na R kwenye ekseli. L ni kushoto, R ni kulia, ukiwa umekaa kwenye baiskeli.
2. Safisha thredi za krenki kwa kitambaa, paka grisi kwenye thredi za pedali. Usiruke hatua hii, hasa kama unaishi pwani. Bila grisi na kwa hewa ya chumvi, pedali haitoki tena.
3. Ingiza kwa vidole. Pande zote mbili, kukaza ni kuzungusha kuelekea mbele ya baiskeli. Ikigoma baada ya mzunguko mmoja, toa uanze upya. Usiilazimishe kwa spana.
4. Malizia kwa spana ya 15 au alenki ya milimita 8, kutegemea pedali. Ukiwa na spana ya kupima, Shimano wanataka Nm 35 hadi 55.

Kufunga kliti

Hapa usiharakishe. Pedali ikifungwa vibaya itakusumbua siku hiyo tu, lakini kliti ikikaa vibaya itakusumbua kwenye goti kwa miezi.

1. Vaa kiatu. Papasa pembeni mwa mguu, upande wa ndani, utafute fundo la mfupa chini ya kidole gumba. Weka alama kwa kalamu juu ya kiatu. Fanya hivyo na upande wa nje, chini ya kidole kidogo.
2. Ekseli ya pedali ipite kati ya alama hizo mbili. Kwa milimani ni afadhali kliti iwe nyuma kidogo kuliko mbele: mashavu ya miguu hayachoki upesi na unaposhuka unasimama imara zaidi.
3. Kaa juu ya meza, miguu ining'inie bure. Tazama vidole vinaelekea wapi. Kama vinatazama nje kidogo, kliti iruhusu hivyo. Usijinyooshe ili upendeze.
4. Paka grisi kidogo kwenye bolti, kaza kwa alenki ya milimita 4, ukipokezana bolti moja na nyingine. Kipimo ni Nm 5 hadi 6, yaani imara lakini bila kuning'inia kwenye alenki.
5. Chora mstari kuzunguka kliti kwa kalamu ya rangi. Siku ikisogea utajua, na siku ukibadilisha utajua pa kurudia.
6. Ingiza kiatu kwenye pedali kwa mkono. Kama meno ya soli yanagusa pedali kabla kliti haijanasa, yapunguze kwa kisu kikali au inua kliti kwa kibati chembamba kinachouzwa kwa kazi hiyo. Mara nyingi pedali inayosemwa kuwa mbovu inazuiwa na soli tu.

Baada ya kuendesha saa moja, kaza bolti tena. Bolti moja ikilegea, kliti huzunguka pamoja na kiatu na hutatoka kabisa hata ugeuze kisigino vipi. Ikikupata hivyo, egemea mti, fungua kiatu, toa mguu, ukiache kiatu kimeshika pedali.

KISANDUKU: Goti likilalamika

Maumivu mbele ya goti: kwanza tazama kiti, huenda kiko chini mno. Viatu na pedali mpya hubadilisha urefu kati ya mguu na kiti.
Maumivu upande wa ndani au wa nje: anza na pembe ya kliti. Igeuze kidogo sana, kisha uendeshe kabla ya kugusa tena.
Maumivu yakizidi au goti likivimba, acha kuendesha uende hospitali.

Kujifunza kutoka

Mwili lazima uzoee kutoka kabla akili haijakumbuka. Hilo hulipati kwa kusoma.

1. Legeza skrubu zote nne, kama pedali zinazo.
2. Egemea ukuta. Ingia, toka. Mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Rudia mpaka uweze kufanya huku unaongea na mtu.
3. Nenda kwenye nyasi. Kanyaga polepole, simama, toa mguu. Toa mguu *kabla* ya kushika breki, wala usingoje baiskeli isimame.
4. Sukuma kisigino nje bila kuinua mguu. Anayeogopa huvuta juu, na kuvuta juu ndiko pedali ilikotengenezwa kukataa.
5. Siku ya kwanza ya msituni, chagua njia unayoijua. Msitu wa Karura ni bora kuliko mteremko ambao hujawahi kuuona.
6. Ukiwa kwenye njia nyembamba ubavuni mwa mlima na unaona mwendo unakwisha, toa mguu wa upande wa juu. Upande wa chini hakuna ardhi ya kukanyaga.

Kaza springi hatua kwa hatua baada ya majuma kadhaa, na ukome pale mguu unapoacha kuchomoka hovyo. Kuikaza zaidi ya hapo hakuna faida ila majivuno.

Makosa ya kila siku

Kununua pedali kwa uzito. Gramu mia moja unazookoa utazibeba kwa tope la dakika tano.

Kupaka mafuta mengi kwenye springi. Vumbi la Hell's Gate litageuka msasa. Tone moja la mafuta ya cheni kwenye maungio, kisha pangusa.

Kuosha kwa maji ya presha yakielekezwa kwenye ekseli. Maji huingia kwenye beringi, na wiki mbili baadaye pedali inalia.

Kubadilisha kliti ya mguu mmoja tu. Ukali utatofautiana, na ule mguu unaougeuza kwa mazoea ndio utakaochelewa.

Kliti zikiisha

Dalili ni tatu: mguu unatoka bila kuuambia, kiatu kinayumba juu na chini kikiwa kimenaswa, au mbele ya kliti pamekuwa pembamba na pakali kama pamepigwa tupa. Ya tatu hutokea hata kwa asiyeendesha sana, kama anatembea mno kwenye kokoto.

Kabla ya kuzifungua, kwangua tope lililoganda ndani ya vichwa vya bolti kwa sindano au msumari mwembamba mpaka alenki izame hadi mwisho. Alenki iliyoingia nusu ndiyo inayoharibu tundu. Bolti zikigoma, weka tone la mafuta ya kupenya, ngoja nusu saa, gonga alenki kidogo kwa nyundo, ujaribu tena.

Funga mpya ndani ya mistari uliyochora. Tumia bolti zilizokuja na kliti hizo, na zile za zamani ambazo bado ni nzima zitie kwenye mfuko wa vifaa chini ya kiti. Kliti mpya hushikwa kwa nguvu kuliko zilizolika, basi legeza skrubu kidogo na uingie na kutoka mara kadhaa ukiwa ukutani nyumbani kabla ya kuondoka.